Kununua gari lililotumika mpakani: hakiki nyaraka kabla ya kulipa

Gari la bei nafuu Namanga, Taveta au Sirari laweza kuwa zima kwa injini lakini bovu kwa nyaraka. Matatizo ya kawaida ni haya:

Ushuru. Magari yanayopitia Mombasa au Dar es Salaam kwenda nchi nyingine husafiri chini ya dhamana ya forodha, bila kulipiwa ushuru. Likiuzwa njiani, gari linaweza kukamatwa na kutaifishwa kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, hata likiwa tayari mikononi mwa mnunuzi.

Deni. Nchini Kenya, gari la mkopo husajiliwa kwa majina ya benki na mkopaji. Mkopaji hawezi kuliuza bila idhini ya benki.

Chasisi. Kadi halali ya gari lililoharibika ajalini hutumika kuuzia gari la wizi, na namba ya chasisi hugongwa upya. Kagua alama za tupa na rangi mpya.

Umri. Kwa kawaida Kenya haisajili gari linaloingizwa likiwa na zaidi ya miaka 8.

Kabla ya kulipa:
1. Linganisha chasisi na injini na kadi halisi, si nakala.
2. Omba mwenyewe taarifa za gari NTSA (Kenya) au TRA (Tanzania).
3. Linganisha jina la mmiliki na kitambulisho cha muuzaji.
4. Lipa kupitia benki, siku ya kuhamisha umiliki.

Muuzaji akikataa hatua hizi, acha gari.