Shaba ya Kilembe na Maji ya Kahendero

Mtu asimamaye Kahendero, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George wilayani Kasese, akiutazama mlima Rwenzori, huwa ameuelekea mgodi wa Kilembe, ingawa haumwonekani. Umejificha bondeni, juu ya mji wa Kasese, mahali upitapo Mto Nyamwamba. Maji ya mto huo huteremka hadi ziwani, na ndiyo sababu twaonelea kuwa habari za mgodi ni habari za Kahendero pia.

Mawe ya Kilembe ni ya kale mno, yaliyogeuzwa kwa joto na mgandamizo wa ardhi. Ndani yake shaba imechanganyika na pairiti, yaani madini ya chuma na kiberiti, na pairiti hiyo imebeba kobalti. Jina hili la mwisho lina kisa: wachimbaji wa Ujerumani wa zamani waliyaita mawe hayo kwa jina la pepo mbaya, kwa kuwa hayakutoa fedha waliyoitafuta, na moshi wake uliwadhuru.

Kampuni ya Kilembe iliundwa mwaka 1950, Wakanada wakiwa na sehemu kubwa: kwanza Frobisher, baadaye Falconbridge. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na mwaka huohuo shaba ikaanza kutoka. Mawe yalichimbwa chini ya ardhi, yakasagwa, kisha unga wake ukaelezwa majini ili shaba itengwe na makapi. Unga wa shaba ulisafirishwa kwa gari moshi hadi Jinja, ukayeyushwa katika tanuru kwa umeme wa Bwawa la Owen, na shaba ikapelekwa Mombasa. Kwa jumla zilichimbwa tani kama milioni 16 za mawe. Tukumbuke kwamba shaba iliyopatikana haikufika tani 300,000; yote yaliyobaki yalikuwa makapi.

Katikati ya miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Amin, Wakanada waliondoka na Serikali ikauchukua mgodi. Vipuri vikakosekana, bei ya shaba ikashuka, na mapema katika miaka ya 1980 kazi ikasimama. Mwaka 2013 mgodi ulikodishwa kwa kampuni ya Kichina, Tibet Hima, kwa miaka 25. Mkataba ukavunjwa 2017. Kila mara wenye mgodi walijulikana kwa majina. Mwenye makapi ni nani? Hapo twaona majina yakitoweka.

Pairiti yenye kobalti ilikuwa imerundikwa Kasese, zaidi ya tani milioni moja. Mvua ilipoinyeshea ilitoa maji makali yenye tindikali, yakaua majani njiani kuelekea ziwani, ndani ya hifadhi ya wanyama. Tangu 1999 kiwanda kimoja kiliitumia rundo hilo kupata kobalti kwa msaada wa bakteria, na kwa hiyo likapungua sana. Hilo lastahili sifa. Lakini makapi mengine yalibaki kando ya Nyamwamba. Mto ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ulibomoa nyumba, ukaiharibu hospitali ya Kilembe, ukayazoa makapi.

Ziwa George lina kina cha wastani kisichozidi sana mita mbili. Wataalamu waliopima tope lake wamekuta humo shaba na kobalti.