Nani Anayepanga Foleni ya Maduka?

Enzi za kitabu cha simu, katika miji ya Marekani walikuwapo mafundi wa kufuli na wa mabomba walioziita biashara zao AAA. Kitabu kilipangwa kwa alfabeti, na mteja ambaye bomba limempasukia usiku hasomi mpaka herufi ya W. Ulikuwa ujanja mdogo, hata wa kitoto, lakini kanuni ya kupanga ilijulikana kwa kila mtu. Aliyekuwa nyuma alijua kwa nini yuko nyuma.

Yahoo ilipoanza mwaka 1994 ikiwa orodha ya tovuti iliyopangwa kwa mikono ya watu, hali haikutofautiana sana na ile ya kitabu. Mwaka uliofuata ikaja AltaVista, injini ya utafutaji iliyosoma maneno yaliyomo ndani ya kurasa. Wenye tovuti wakayarudia maneno hayo kupita kiasi, wengine kwa herufi nyeupe juu ya mandhari nyeupe, ili mashine iyaone na binadamu asiyaone. Katika mazingira hayo ikakua kazi mpya ya washauri: kumsaidia mwenye duka apande juu kwenye orodha.

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin walileta Google, ambayo ilipima ukurasa pia kwa wingi na uzito wa viungo vinavyouelekea, mfano wa wanazuoni wanavyonukuliwa na wenzao. Lilikuwa wazo zuri, na sisi wa vyuoni tulilielewa upesi. Lakini kinachosahaulika ni kwamba katika andiko lao la mwaka huohuo walionya kuwa injini inayoishi kwa matangazo itaelemea upande wa watangazaji. Oktoba 2000 kampuni yao ikazindua AdWords, huduma ya kuuza matangazo pembeni mwa matokeo ya utafutaji.

Novemba 2003, wiki chache kabla ya Krismasi, kanuni ya kupanga ilibadilishwa. Badiliko hilo wenye tovuti waliliita Florida. Lilikusudiwa kuwakomesha wadanganyifu, lakini wafanyabiashara wadogo wengi walilalamika kuwa limewazoa na wao, na hapo ndipo msimu wa mauzo ulikuwa umewadia. Hawakupewa notisi wala mahali pa kukata rufani. Mmachinga anayeondolewa barabarani walau humwona mgambo.

Tangu hapo ushauri umekuwa mmoja: rekebisha tovuti yako. Siupuuzi ushauri huo. Ukurasa unaofunguka haraka, bei inayoonekana bila kutafutwa, namba ya simu inayopigika kwa kuguswa, yote hayo ni heshima kwa mteja, hasa kwetu ambako wengi huingia intaneti kwa simu na kwa kifurushi kilichohesabiwa. Aprili 2015 Google ilipoanza kuzipendelea kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu, ilitangaza miezi miwili kabla, na ilifanya haki. Ninachokikataa ni dhana iliyojificha ndani ya ushauri: kwamba anayeanguka daima ameanguka kwa uzembe wake.

Tazameni kisa cha Foundem. Mume na mke Waingereza, Adam na Shivaun Raff, walizindua tovuti ya kulinganisha bei Juni 2006. Siku chache baadaye ilitoweka kwenye kurasa za mbele za Google, ilhali injini nyingine ziliendelea kuiweka juu. Walidhani ni hitilafu ya mashine. Wakaandika, wakasubiri. Adhabu hiyo iliondolewa mwishoni mwa mwaka 2009, baada ya miaka zaidi ya mitatu. Tovuti ile haikuwa na kasoro ambayo mshauri angeirekebisha. Na wakati huo Google nayo ilikuwa na huduma yake ya kulinganisha bei.

Novemba 2009 walipeleka malalamiko mbele ya Tume ya Ulaya. Watumishi wa umma wanaosoma hapa watambue kazi iliyofuata: uchunguzi ulifunguliwa rasmi mwaka 2010, na uamuzi ukatolewa Juni 2017. Google ikatozwa faini ya euro bilioni 2.42 kwa kuipendelea huduma yake na kuwashusha washindani katika matokeo. Kampuni ilikata rufani mara mbili. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaithibitisha faini hiyo Septemba 2024.

Faini za aina hii huingia katika bajeti ya Umoja wa Ulaya, si mfukoni mwa aliyelalamika. Akina Raff walikuwa wamekwisha kuifunga Foundem mwaka 2016. Fidia yao wameidai kwa kesi nyingine, mahakamani.