Daktari wa hesabu aliyeishi ndani ya simu

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina ya zamani, ambayo mpaka sasa naionea wivu.

Nikiwa kidato cha pili niliichukia hesabu. Siku moja niliinua mkono nikauliza kwa nini hasi mara hasi huwa chanya. Darasa zima likaangua kicheko. Sikuuliza swali lingine hadi mwaka ukaisha, na alama zangu zikaporomoka.

Ndiyo maana habari za Dr Math zilinigusa. Mradi huu ulianza Januari 2007 katika taasisi ya Meraka, mjini Pretoria, Afrika Kusini. Wakati huo vijana wa huko walikuwa wamezama katika MXit, programu ya kupiga soga kwa simu za mkononi. Ujumbe wake ulipitia intaneti, kwa hivyo gharama yake ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na SMS. Wazazi wengi waliilalamikia. Lakini Laurie Butgereit, mtaalamu wa tarakilishi, aliona kwamba kama watoto wako humo, basi hesabu nayo iwafuate humo humo.

Mtoto alituma swali la kazi ya nyumbani kwa simu. Upande wa pili mwanafunzi wa chuo kikuu, aliyejitolea, alilipokea kwenye tarakilishi. Hakutoa jibu tu. Aliuliza mtoto amefika wapi, kisha akamwongoza hatua inayofuata. Mkufunzi mmoja aliweza kuzungumza na watoto kadhaa kwa wakati mmoja.

Kwangu mimi mwandishi wa programu, uhondo uko kwingine. Mfumo ulificha nambari za simu, hivyo mkufunzi na mtoto hawakujuana. Nia ilikuwa usalama wa watoto. Lakini mahali ambapo hakuna anayekujua, hakuna wa kukucheka, na swali la "kijinga" huulizwa bila woga. Watoto waliambiana, wakafika maelfu.

MXit ilifungwa mwaka wa 2016. Simu za leo zina uwezo mkubwa zaidi, ila funzo ni lile lile. Ukiketi kuunda programu ya kufundisha hesabu, usianze na picha na rangi. Anza na yule mtoto wa dawati la nyuma aliyeshusha mkono wake: ataulizia wapi?

Mimi ningeulizia huko.