Jina la Malenga na Amana ya Wasomaji: Muyaka, Ahmad Nassir na Abdilatif Abdalla

Katika ushairi wa Mvita, swali la nani aliyetunga halijapata kuwa swali dogo. Kisiwani, hadhira ilimjua mtunzi kwa sura, kwa ukoo na kwa mwenendo, na iliweza kuyapima maneno yake kwa maisha yake. Ng'ambo ya maji, Timbwani na kwingineko Likoni, seuze mbali zaidi, mara nyingi lililofika ni shairi na jina tu. Makala haya yanachunguza jinsi jina hilo lilivyopata kuaminiwa na watu wasiomjua mwenyewe. Hoja inayotolewa ni kwamba imani hiyo haikujengwa na mtunzi peke yake. Ilihitaji mdhamini, na mdhamini huyo amekuwa akibadilika kizazi hadi kizazi.

Mfano wa kwanza ni Muyaka bin Haji, ambaye kwa kawaida hutajwa kuwa aliishi baina ya 1776 na 1840. Muyaka hakuacha kitabu. Mashairi yake yalihifadhiwa vifuani mwa watu hadi miaka ya 1880, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipomsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyakusanya na kuyafafanua. Diwani yake ilichapishwa na William Hichens mwaka 1940, yaani karne nzima baada ya kifo chake. Katika muda huo wote, mdhamini wa jina lake alikuwa sikio la jamii. Muyaka alisimama upande wa Mvita na watawala wake wa Kimazrui, ambao utawala wao uliangushwa mwaka 1837, na msimamo huo ulijulikana hata kwa wapinzani wake waliojibizana naye. Aidha, lugha yake, kejeli zake na namna yake ya kuficha jambo zito ndani ya mzaha vilikuwa kama mhuri.

Hata hivyo, udhamini wa sikio una hatari yake. Jina likishatukuka, huvuta na yasiyo yake: shairi zuri lisilo na mwenyewe hupata kwa urahisi baba mwenye sifa. Mhakiki wa Muyaka, kwa hiyo, hana budi kujiuliza ni lipi lililotungwa naye na ni lipi lililotungiwa jina lake. Watunzi wa tenzi waliliona tatizo hili mapema. Mwana Kupona alitaja jina lake na mwaka wa utungo mwishoni mwa utenzi wake wa 1858, na kwa kufanya hivyo aliufunga utungo kwa mwenyewe.

Kitabu kilileta mdhamini wa namna nyingine. Tungo za Ahmad Nassir Juma Bhalo zilitolewa mwaka 1966 na Lyndon Harries huko Marekani, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Lakini lililomtambulisha kwa wasomaji wa Kiswahili ni *Malenga wa Mvita* (1971), diwani iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin. Anwani hiyo yastahili kutazamwa kwa makini. Malenga ni cheo ambacho mtu hajivishi. Huvishwa na wanaomsikiliza. Kwa kukiweka juu ya jalada, kitabu kilidai kwamba hukumu ya Mvita ilikwisha kutolewa, na utangulizi wa Chiraghdin ukawa ushahidi wake. Wakati huohuo, tungo nyingi za Ahmad Nassir ziliwafikia watu kwa sauti ya binamu yake, mwimbaji wa taarabu Mohamed Khamis Juma Bhalo. Hapo jina la mtunzi laweza kufunikwa na la mwimbaji, ilhali wasikilizaji wakaendelea kuyaamini maneno yenyewe.

Kwa Abdilatif Abdalla suala hili linafikia kilele chake. Kijitabu *Kenya: Twendapi?* cha 1968 kilisambazwa kwa siri, bila jina lake. Serikali ilimpata na kumfunga kwa uchochezi, naye akatoka gerezani mwaka 1972. Mashairi aliyoyaandika kifungoni kwenye karatasi za chooni yalichapishwa kwa jina *Sauti ya Dhiki* (1973), na Chiraghdin ndiye tena aliyeandika utangulizi. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Utangulizi wa mhariri ulisaidia, lakini mdhamini mkuu hapa ni gharama iliyolipwa. Tukiilinganisha diwani hiyo na *Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa* (1971), maudhui yanatofautiana sana. Kinachodumu ni Kimvita chake, nidhamu ya vina na mizani, na kutokubali kusema asichokiamini. Uthabiti wa mtunzi, basi, haumaanishi kurudiarudia mada.

Baada ya 1971, anwani za aina hiyo ziliongezeka: *Malenga wa Mrima* (1980) ya Mwinyihatibu Mohamed, *Malenga wa Vumba* (1982) ya Boukheit Amana, na *Malenga wa Ziwa Kuu* (1988) ya Wallah bin Wallah. Ubora wa kila diwani ni suala la kupimwa peke yake. Lakini cheo kilichokuwa hukumu ya jamii kilianza kuwa pia alama ya jalada, na msomaji wa mbali hakuwa na njia nyepesi ya kujua ni nani aliyekitoa.

Hapa ndipo wajibu wa uhakiki unapoonekana. Pale ambapo jirani hayupo wa kushuhudia mwenendo wa mtunzi, na wachapishaji wana bidhaa ya kuuza, mhakiki ndiye anayebaki kuulinganisha utungo na utungo na neno na tendo. Akiridhika na anwani, huwa ameiacha bila mlinzi amana ya msomaji wa Timbwani, ambaye hana kingine cha kushika ila jina.