Ukuta Usio na Chokaa

Jioni hii twende pamoja hadi Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Kwa Kijaluo, ohinga ni boma lenye ukuta, na Thimlich ni msitu mnene wa kutisha. Huko ziko kuta za mawe zinazosimama mita 1.5 hadi 4.5, na unene wake ni mita 1 hadi 3. Hazina saruji wala chokaa. Mawe makubwa yalipangwa upande wa nje na wa ndani, kisha madogo yakajazwa katikati. Kila jiwe linashikwa na jirani yake.

Yaelekea kuta hizi zilijengwa katika karne ya 16. Milango yake ni myembamba na mifupi, hata adui asiweze kuingia bila kuinama. Ndani walilala watu pamoja na mifugo yao. Lakini wakaaji hawakuwa kabila moja. Watu wa asili ya Kibantu na watu wa asili ya Kiniloti walipokezana mahali hapo, zamu kwa zamu. Na tazameni jambo hili: walioingia nyuma hawakubomoa kazi ya wenzao. Waliitengeneza, wakakaa ndani yake.

Katika karne ya 20, hofu ya mashambulizi ilipopungua, watu walitoka wakajenga miji yao mbalimbali na kuizungushia ua wa ojuok. Kufikia katikati ya karne hiyo ngome ilikuwa imeachwa. Vichaka vikaota, mizizi ikasukuma mawe, kuta zikaanza kuanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali iliitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa. Mwaka 2000 iliandikwa katika orodha ya mahali pa kale palipo hatarini duniani, ikatengenezwa tena. Na mwaka 2018 UNESCO iliipokea kuwa Urithi wa Dunia. Hivyo makao yakawa ngome, ngome ikawa kichaka, na kichaka kimekuwa darasa.

Lakini Thimlich si peke yake. Katika nchi hii iliyoitwa zamani South Nyanza, yaani Homa Bay na Migori za leo, yamehesabiwa maboma ya mawe zaidi ya 500. Mtu akichukua jiwe moja tu kwa msingi wa nyumba yake, mawe yaliyolizunguka hulegea.

Nehemia naye hakuwa mjenzi wa kwanza wa kuta za Yerusalemu. Alikuta magofu, akawapanga watu, na wengi wakatengeneza sehemu iliyoelekea nyumba zao wenyewe.

Ndugu zangu, sisi Wajaluo, Wasuba, Wakuria, Wakisii na Waluhya tunaokaa hapa, nani atasema ukuta huu ni wa kwao peke yao? Sote tumeingia katika nyumba iliyoanzwa na wengine. Basi kabla hujalala, jiulize: katika ukuta ulio mbele ya mlango wangu, nimerudisha jiwe, au nimeondoa?

Mungu atujalie mikono ya kutengeneza. Amina.