Tathmini ya miradi ya jamii: Kulipa fedha si kubadili maisha

MRADI wowote wa huduma kwa jamii hupimwa kwa maswali mawili. La kwanza ni la utaratibu: je, huduma ilimfikia mlengwa kwa wakati na kwa kiwango alichoahidiwa? La pili ni la matokeo: je, maisha yake yalibadilika, na ni mradi wenyewe ulioyabadilisha?

Chukua mfano wa nyanya anayelea wajukuu mayatima Karurumo, Kaunti ya Embu. Akiwa katika sajili ya mpango wa Inua Jamii, anastahili Sh2,000 kwa mwezi. Mtathmini wa utaratibu atauliza aliteuliwa vipi, ni maskini gani wenzake walioachwa nje, nauli ya kufuata fedha hizo ni kiasi gani, na malipo yakichelewa hukopa kwa nani. Mtathmini wa matokeo atawatazama wajukuu: wanakula nini, na wangali shuleni?

Swali la pili ndilo gumu. Bei ya kahawa ikipanda Embu, karo hulipwa hata katika nyumba zisizopokea ruzuku. Anayelinganisha hali ya jana na ya leo pekee huenda akausifu mradi kwa kazi iliyofanywa na soko.

Kenya iliukwepa mtego huo ilipopima mpango wa kuwasaidia mayatima na watoto wasiojiweza, ambao sasa ni sehemu ya Inua Jamii. Ulianza kwa majaribio mwaka wa 2004 kwa familia 500 za Garissa, Kwale na Nairobi. Kati ya 2007 na 2009, kampuni ya Oxford Policy Management ya Uingereza iliutathmini katika wilaya saba. Katika kila wilaya zilitengwa lokesheni nne. Mbili zikachaguliwa kwa kura kupokea ruzuku, nazo mbili zikasubiri ili ziwe kipimo.

Matokeo yalikuwa na funzo. Katika shule za msingi ruzuku haikuongeza sana idadi ya wanafunzi, kwa kuwa elimu ya bure iliyoanza 2003 ilikuwa imekwisha kuwaingiza wengi darasani. Faida ilijitokeza katika shule za upili, ambako karo ndiyo kizingiti. Aidha, mfumko wa bei ulikuwa ukiila thamani ya ruzuku, kasoro ambayo orodha ya malipo haiwezi kuionyesha.

Uchunguzi wa 2011, uliochapishwa 2014, ulifichua jambo lisilotarajiwa: uwezekano wa vijana wa familia hizo kuanza ngono mapema ulikuwa umepungua kwa asilimia 31.

Tathmini, basi, si ukaguzi wa vitabu vya hesabu tu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mkazi wa Karurumo anapoambiwa kwamba mamilioni yamelipwa, ana haki ya kuuliza yalimfikia nani, na yalibadili nini.