Lutuku

Ukiagiza gongo Kambove, mji wa shaba jirani na Likasi nchini Kongo (DRC), huenda usieleweke. Huko ni lutuku. Kinshasa ni lotoko, Kenya chang'aa, Zambia kachasu. Mtambo ni uleule: mahindi au muhogo uliochachushwa, pipa juu ya moto, mrija uliopitishwa kwenye maji baridi.

Kitu ambacho mtaani hakina jina ni asetaldehidi. Huchemka kwenye nyuzi 20 hivi, basi hutangulia kutoka mrijani pamoja na yale matone ya mwanzo yenye harufu kali. Hata ukiyamwaga, hujaikwepa. Ini huigeuza pombe yoyote kuwa asetaldehidi kwanza, ndipo iwe asetati; na vijidudu vya mdomoni huitengeneza papo hapo, ikateremka na mate hadi kwenye umio. Umio umetandikwa seli bapa, na asetaldehidi hunata kwenye DNA ya seli hizo na kuiharibu. Mwaka 2009 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliiweka asetaldehidi itokanayo na unywaji katika kundi la 1 la visababishi vya saratani.

Saratani ya seli bapa za umio ni nyingi kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na lutuku haibebi lawama peke yake: vinywaji vyenye joto la kupita nyuzi 65, chai ikiwemo, viliingizwa na IARC katika kundi la 2A, la vinavyoelekea kusababisha saratani, mwaka 2016. Na bia ya chupa isijitenge. Kilevi chake ni kilekile.